Sindano za Smithfield na Kadi ya Medicare



Kutoka Smithfield kwenda Fairfield hadi Cabramatta ni mwendo mfupi kwa gari, na njiani vibao vya matabibu wa sindano za Kichina ni vingi. Hiyo ndiyo akupancha: sindano nyembamba kama unywele zinazochomwa mwilini kupunguza maumivu. Wanaoingia humo si Wachina na Wavietinamu tu. Wamo pia mama na shangazi zetu wanaofanya kazi katika maghala na viwanda vya Smithfield na Wetherill Park, kazi ya kuinama na kuinuka tangu jioni hadi alfajiri.

Hoja yetu ni fupi. Tabibu wa akupancha aliyesajiliwa anastahili kuwemo katika orodha ya wataalamu ambao Medicare inawalipia wagonjwa wa maradhi sugu. Kumwambia mbunge hivyo ni kazi yetu pia, wala tusiwaachie matabibu peke yao.

Tuanze na sheria. Jimbo la Victoria lilitunga sheria ya kusajili matabibu wa Kichina mwaka 2000. Tarehe 1 Julai 2012 usajili ukawa wa nchi nzima, chini ya Bodi ya Tiba ya Kichina ya Australia. Leo matabibu waliosajiliwa ni zaidi ya 4,000. Wanaohitimu hapa husoma shahada ya miaka minne au zaidi, wote wanatakiwa kuwa na bima ya kazi, na mgonjwa akidhurika anajua pa kushtaki. Mtu asiyesajiliwa akijiita tabibu wa akupancha anavunja sheria. Kwa upande wa usimamizi, basi, serikali imewaweka meza moja na wauguzi, wafamasia na madaktari wa meno.

Tukifika kwenye malipo, meza hiyo inagawanyika. Daktari wa kawaida akimchoma mgonjwa sindano, Medicare ina fungu lake. Tabibu aliyesomea sindano hizo miaka minne akifanya kazi ileile, mgonjwa analipa mfukoni. Tena, mtu mwenye ugonjwa uliodumu miezi 6 au zaidi anaweza kuandikiwa mpango na daktari wake, akapata ziara 5 kwa mwaka kwa wataalamu wengine huku Medicare ikichangia. Wamo wa fiziotherapia, wa lishe, wa miguu, hata wa kairopraktiki na osteopathi. Wa akupancha hayumo.

Mwenye bima binafsi anapata nafuu kidogo. Tarehe 1 Aprili 2019 serikali ilipoondoa tiba 16 katika bima hizo, zikiwemo homeopathi na yoga, akupancha iliachwa. Lakini ni nani kwetu mwenye bima ya aina hiyo? Shangazi yangu anayepakia maboksi usiku hana. Yeye huenda kwa tabibu mara moja, akapata unafuu wa siku chache, kisha anahesabu kodi ya nyumba na hela ya kutuma nyumbani, na safari ya pili haipo. Baada ya hapo ni vidonge vya maumivu, na zamu inaendelea.

Wapo watakaouliza: je, sindano hizi zinafanya kazi kweli? Swali ni la haki, na anayetetea akupancha akilikwepa atashindwa mbele ya mbunge yeyote makini. Tafiti nyingi zinaonyesha unafuu katika maumivu ya muda mrefu, lakini tofauti kati ya sindano halisi na za kuigiza mara nyingi ni ndogo. Huko Uingereza, taasisi ya NICE inayoongoza madaktari ilisema mwaka 2016 akupancha isitolewe kwa maumivu ya chini ya mgongo. Mwaka 2021 taasisi hiyohiyo ikasema inaweza kufikiriwa kwa maumivu sugu ambayo hayana chanzo kingine kinachoyaeleza. Kwa hiyo tusiende kudai kwamba sindano zinatibu kisukari au saratani. Tudai kitu kidogo tunachoweza kukitetea: mgonjwa wa maumivu sugu, aliyeandikiwa na daktari wake, aruhusiwe kutumia baadhi ya ziara zake 5 kwa tabibu huyu. Ziara hazitaongezeka hata moja kwa mgonjwa. Ni kweli kwamba baadhi ya wasiozitumia leo wataanza kuzitumia, na gharama itapanda kiasi. Lakini ziara hizo ni haki yao tangu mwanzo.

Kutambua tiba kisheria si kuamini kila kinachosemwa juu yake. Tanzania ilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002 na kuunda baraza la kuisimamia, kwa sababu watu walikuwa wanaitumia tayari. Nazo tiba za Mchina si ngeni kwetu: kikosi cha kwanza cha madaktari wa China kilifika Zanzibar mwaka 1964. Na muda mrefu kabla ya hapo, watu wa pwani walikuwa wanaumikwa kwa chuku.

Upande wa pili wa kazi ni watu wetu wenyewe, na hapa klabu ya Kiswahili ina nafasi ambayo hakuna mwingine anayo. Mwambie mama yako "mganga wa sindano", naye atafikiria hirizi na ramli. Mwambie "daktari", naye atadhani anaweza kuacha dawa za presha alizoandikiwa hospitali. Maneno yote mawili yanapotosha. Tunapendekeza "tabibu wa akupancha", na tunawaomba walimu watusahihishe kama lipo lililo bora. Kisha tuandike karatasi moja kwa Kiswahili chepesi yenye mambo manne: akupancha ni nini, inasaidia wapi na haisaidii wapi, namna ya kuangalia jina la tabibu katika daftari la usajili lililo wazi kwa umma, na onyo kwamba mtu asiache dawa zake bila kuongea na daktari.

Kwa wabunge, njia ipo. Medicare ni suala la Canberra, si la bunge la jimbo pale Macquarie Street, kwa hiyo tusipeleke barua mlango usio wake. Bunge la Wawakilishi linapokea maombi kwa intaneti. Ombi hukaa wiki 4 likikusanya sahihi, kisha waziri anatarajiwa kulijibu ndani ya siku 90. Kila mmoja wetu aongeze barua yake kwa mbunge wa jimbo lake, ukurasa mmoja tu, aeleze kazi ya watu wa nyumbani kwake na gharama wanayolipa.

Wengi wetu tumekuwa wakalimani wa wazazi wetu kwa madaktari tangu tukiwa shule ya msingi. Tuliyasema maumivu yao kwa Kiingereza kabla hatujajua maana yake. Sasa tuna miaka ishirini na tuna kura. Tuyaseme tena, safari hii mbele ya wanaotunga sheria.