Mtoto na wenzake

Wazazi wenzangu, mnamjua Guy, gorila dume wa bustani ya wanyama ya London? Aliletwa Novemba 5, 1947, bado mtoto, na chupa yake ndogo ya maji moto. Akakulia mikononi mwa watu, bila gorila mwenzake. Mwaka 1969 ndipo alipoletewa jike, Lomie. Hawakupata mtoto, Guy akafa 1978. Mwenza alikuja, lakini alichelewa zaidi ya miaka 20.

Nilimsimulia mwanangu nilipotoka zamu ya usiku. Akaniuliza, "Mama, na mimi wenzangu wako wapi?" Sikuwa na jibu. Jumamosi hii nimekataa zamu ya ziada. Tunakwenda kwa dada, akacheze na ndugu zake, wagombane kwa Kiswahili.