Jina la Bingwa Halipigi Solo

Gitaa la saini ni gitaa, mara nyingi la umeme, ambalo kiwanda hulitengeneza kwa vipimo vya mpigaji maarufu na kuliuza kwa jina lake, naye akapata fungu lake la mauzo. Biashara hiyo ilishika kasi mwaka 1952, Gibson ilipoingiza sokoni gitaa lenye jina la mpigaji Les Paul. Toleo maalumu limekwenda mbali zaidi: kiwanda hutangaza kwamba yatatoka machache tu, kila moja hupigwa namba, hulazwa kwenye kasha lenye nembo pamoja na cheti, kisha bei hupandishwa. Mbao, waya na sumaku zilizomo mara nyingi ni zilezile za gitaa la kawaida la kiwanda hichohicho. Kilichoongezwa ni jina, na jina ndilo linalolipiwa.

Imani kwamba jina hilo huhamia vidoleni mwa mnunuzi imeenea mno, na Falls Church inafaa sana kuipimia. Ni mji mdogo wa Virginia, magharibi ya Washington, uliopata hadhi ya mji unaojitegemea mwaka 1948, wenye eneo la kilomita za mraba zipatazo tano tu. Mji huo una State Theatre, jumba la sinema la mwaka 1936 lililogeuzwa ukumbi wa muziki, na katika vitongoji vinavyouzunguka wanaishi Waafrika wengi. Katika mkusanyiko mmoja wa Waafrika Mashariki wa huko, kijana mpiga solo aliteleza palepale kila kiitikio kilipofika. Mzee mmoja wa kamati akamtetea: chombo chake ni cha bei rahisi, apatiwe lile la toleo maalumu, watu watashangaa wenyewe. Ukumbi ukakubali kwa vichwa, na kabla chai haijapoa daftari la michango lilikuwa linazunguka meza kwa meza. Hakuna aliyeuliza kijana hufanya mazoezi saa ngapi kwa wiki. Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Falls Church jua hilo limeshawekewa bei ya dola elfu kadhaa.

Hoja inayoiangusha imani hii ni moja, na haihitaji nyingine kuisaidia: mabingwa ambao majina yao yanauzwa hawakuipata sauti yao kwenye gitaa la saini. Waliipata kwenye vyombo visivyokuwa na jina la mtu, wakavibomoa na kuviunga wapendavyo, na saini ikaja baadaye, kazi ikiwa imekwisha.

Ushahidi wa kwanza uko palepale jirani. Danny Gatton alizaliwa Washington mwaka 1945, akaanza kupiga gitaa utotoni, na akaishia kuheshimiwa na wapigaji wenzake kuliko alivyojulikana na wanunuzi wa santuri. Alipenda kuchezea injini za magari ya zamani, na mkono huohuo wa gereji aliupeleka kwenye Telecaster yake, gitaa la Fender la mwaka 1953. Aliifungua, akabadilisha vyuma, na alipotaka kuteleza juu ya nyuzi aliweza kutumia chupa ya bia. Pikapu zake, yaani vile vinasa sauti vinavyokaa chini ya nyuzi, alitengenezewa na Joe Barden, fundi wa Vienna, mji wa jirani na Falls Church. Fender ilitoa gitaa la saini ya Gatton mwaka 1990. Kufikia hapo mwenye jina alikuwa na umri wa miaka 45, na kila alichokuwa anasifiwa nacho alikuwa amekwisha kukipiga bila hilo gitaa. Mcheza kwao hutuzwa, lakini tuzo haijawahi kumfundisha mtu kucheza.

Ushahidi wa pili unachekesha zaidi. Katikati ya miaka ya 1970 Eddie Van Halen alinunua kiwiliwili cha gitaa chenye kasoro kwa dola 50 na shingo kwa dola 80. Akachomeka pikapu aliyoitoa kwenye gitaa lake la Gibson, akapuliza rangi ya baiskeli, na chini ya daraja la nyuzi akakaza sarafu ya senti 25 ya mwaka 1971 ili chuma kitulie. Hilo ndilo gitaa lililobadilisha upigaji wa roki. Mwaka 2007 Fender ikatoa nakala 300 za gitaa hilo kwa bei ya dola 25,000 kila moja. Mafundi walinakili kila mkwaruzo, kila doa la kutu, alama za sigara kichwani, vioo vya kuakisi mwanga vilivyopachikwa mgongoni, hata ile sarafu ya 1971. Uchakavu ambao Van Halen aliupata bure, jukwaani, kwa kutoka jasho, mnunuzi aliupata tayari, halafu akakaa kuogopa asije akaongeza mkwaruzo wake mwenyewe. Mtu aliyetaka kumuiga Van Halen kwa dhati angechukua dola 130, msumeno na bisibisi.

Ushahidi wa tatu uko nyumbani, nao ndio unaofanya kauli ya mzee wa kamati iudhi zaidi. Franco Luambo, aliyekuja kuitwa mchawi wa gitaa, alijifunzia kwenye gitaa aliloliunda mwenyewe utotoni, Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, kwa kopo na nyaya za umeme zilizochunwa. Mwaka 1953, akiwa na miaka 15, alikuwa studio akirekodi. Mwenda Jean Bosco, naye wa Kongo, alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952 kwa gitaa kavu, na upigaji wake wa vidole viwili umesomwa vyuo vikuu hadi leo. Mpiga solo mwingine wa Kongo, Docteur Nico Kasanda, alifariki mwaka 1985, baada ya diski zake za mwisho kutolewa na African Music Gallery ya Washington, mwendo mfupi tu kutoka Falls Church. Wapenzi wake wanakumbuka jinsi solo yake ilivyokuwa ikipanda na kushuka. Ni nadra kumpata anayekumbuka chapa ya gitaa lake.

Tanzania nako mpigaji wa dansi kwa kawaida hakuwa hata na gitaa. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vikawa vya chama. Mlimani Park, yaani Sikinde, ilizaliwa mwaka 1978 mikononi mwa kampuni ya usafiri na teksi, kabla ya kuchukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, mwaka 1983. Mwanamuziki alipohama bendi aliacha gitaa ukumbini na kuondoka na vidole vyake. Kule alikohamia alikabidhiwa gitaa jingine, pengine lenye vigingi vya nyuzi vilivyolegea, na wapenzi waliokuwa nje ya ukuta walimtambua kabla hajamaliza kipande cha kwanza. Mbaraka Mwinshehe alipokwenda Osaka mwaka 1970 na Morogoro Jazz kwenye maonyesho ya Expo 70, alichopeleka Japani ni mkono wake.

Watetezi wa toleo maalumu wana majibu yao, na wanalolipenda zaidi ni la rangi: rangi hii haitatolewa tena. Jibu hilo lina ukweli wote unaohitajika, isipokuwa kwamba rangi haisikiki. Hakuna msikilizaji aliyewahi kufumba macho kwenye sebene akasema gitaa hili lazima ni la buluu ya bahari. Jibu la pili ni kwamba gitaa la namba ni akiba, litapanda bei. Lakini ili lipande bei halitakiwi kukwaruzwa, kuchafuliwa jasho wala kubadilishwa nyuzi hovyo, maana yake halitakiwi kupigwa. Mnunuzi wa aina hiyo huonekana kwa urahisi: karatasi ya nailoni bado imebandikwa kwenye ubao wa gitaa, lebo inaning'inia kichwani, na mgeni akinyoosha mkono anaambiwa aangalie tu. Chombo cha muziki kinachokatazwa kulia kimeacha kuwa chombo cha muziki.

Viwanda vyenyewe vimekwisha kuikana imani hii kwa bei zao. PRS, kampuni ya Stevensville, Maryland, ng'ambo ya ghuba ya Chesapeake, ilitoa Silver Sky, gitaa la saini ya John Mayer, mwaka 2018 kwa dola 2,299. Mwaka 2022 Silver Sky nyingine yenye jina la Mayer yuleyule, iliyotengenezwa Indonesia, ilitoka kwa dola 849. Kama bingwa yumo ndani ya jina, ziko wapi dola 1,450 za bingwa zilizopungua?

Ugonjwa huu una ndugu zake. Harusi nyingi za Waafrika Mashariki wa Virginia na Maryland hazina bendi tena: kamati inakodi gari refu jeupe, inalipa mpambaji wa maua, halafu muziki unatoka kwenye kompyuta ya kijana aliyevaa miwani ya jua usiku. Makanisani kinanda kinabonyezwa kitufe kimoja, ngoma, besi na tarumbeta vinajipiga vyenyewe, na mpigaji ananyanyua mkono mmoja kushangilia. Mzazi analipa dola elfu moja kwa chombo cha mtoto, akitajiwa ada ya mwalimu anauliza kama hakuna video za bure. Kote huko fedha zipo kwa ajili ya kitu na hazipo kwa ajili ya mtu.

Gitaa la kufanyia kazi lina sifa chache, na zote hukaguliwa dukani kwa dakika chache. Shingo iwe imenyooka. Vyuma vya shingoni visichubue kiganja. Vigingi vishike sauti baada ya nyuzi kuvutwa kwa nguvu. Pikapu zisivume zinapoguswa. Amplifaya iwe inalingana na ukumbi, kwa sababu nusu ya sauti ya gitaa la umeme inatoka huko. Magitaa ya dola mia nne hadi mia sita yanayotimiza masharti haya ni mengi, mapya na yaliyotumika, na yakiharibika fundi yeyote wa umeme mwenye akili anayatengeneza. Fedha inayobaki inatosha kumlipa mwalimu kwa miezi mingi na kubadilisha nyuzi kila zinapochakaa. Kwa kijana anayeteleza kwenye kiitikio hakuna dawa nyingine: kiitikio kile kipigwe polepole, kirudiwe, kipigwe tena kila jioni hadi vidole vikizoee.

Mwenye fedha za ziada anunue saini, aitundike ukutani, aipanguse vumbi kila Jumamosi. Fedha ni zake na ukuta ni wake. Asiwadanganye vijana kwamba muziki unapatikana hivyo, na asiwachangishe wengine kulipia jina la mtu ambaye mwenyewe hakulihitaji.