Nyambizi za Massawa hazikushindwa kwa uoga

Dai kwamba nyambizi za Italia zilishindwa katika Bahari ya Shamu mwaka 1940 kwa uoga wa mabaharia halina mashiko. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni ikiwa na nyambizi 8 Massawa, Eritrea. Adui wa kwanza alikuwa ndani: mitambo ya kupoza hewa ilitumia kloridi ya methili, gesi yenye sumu. Ilipovuja, mabaharia walichanganyikiwa, na baadhi wakafa. Tarehe 15 Juni, Macallè ilikwama mwambani karibu na pwani ya Sudan, mabaharia wake wakiwa wameleweshwa na gesi hiyo.

Ni kweli Galilei ilitekwa tarehe 19, lakini baada ya makombora kumuua nahodha wake. Siku 4 baadaye Torricelli ilipambana kwa mizinga, juu ya maji, na manowari kadhaa za Uingereza, kisha mabaharia wakaizamisha wenyewe. Uoga uko wapi hapo? Machi 1941, Massawa ikielekea kuanguka, nyambizi 4 zilizobaki ziliizunguka Afrika hadi Bordeaux, Ufaransa, zikafika Mei. Kilichokosekana ni mitambo inayofaa joto la bahari ile, si ujasiri.