Kiota cha nyigu stooni si kazi ya kijana wa shamba

Ni Jumamosi asubuhi. Mvua imenyesha wiki nzima na nyasi za nyuma ya nyumba zimekuwa ndefu. Unafungua mlango wa stoo kutafuta fyekeo, na kabla macho hayajazoea giza unasikia mvumo juu ya kichwa chako. Unainua uso. Kwenye boriti, karibu na mabati, kunaning'inia kitu cha kijivu mfano wa karatasi, kimejaa vishimo, na juu yake wametulia nyigu ishirini au thelathini.

Unaufunga mlango kwa kishindo. Kisha unafanya lile ambalo wengi wetu mijini hulifanya. Unamwita kijana wa shamba, unampa fimbo iliyofungwa kitambaa chenye mafuta ya taa pamoja na kiberiti, na kumwambia: "Hebu choma hao wadudu." Wewe unarudi ndani kumalizia chai yako.

Msomaji mpendwa, nia yangu leo ni kukusihi usifanye hivyo, na sababu ninazo tatu. Kwanza, huenda kiota hicho hakihitaji kuondolewa hata kidogo. Pili, moto na dawa tunazotumia mara nyingi huwa na madhara makubwa kuliko nyigu wenyewe. Tatu, na hii ndiyo kubwa zaidi, wewe hujui wala kijana yule hajui jinsi mwili wake utakavyoipokea ile sumu.

Nyigu au nyuki?

Kabla ya lolote, simama mbali umtambue mgeni wako. Nyigu tunaowaona sana katika nyumba zetu ni wale wembamba, wenye kiuno kirefu kama uzi na miguu inayoning'inia wanaporuka. Kiota chao hutengenezwa kwa nyuzi za mti zilizotafunwa na kuchanganywa na mate. Huwa wazi, bila gamba la nje, na hushikiliwa na kikonyo kimoja.

Yuko pia nyigu wa udongo, ambaye hujenga vijumba kama mirija ya matope ukutani. Huyu huishi peke yake. Humo ndani huweka buibui aliowapoozesha wawe chakula cha watoto wake, na ni nadra mno kumwuma mtu. Huyo hahitaji dawa. Kijumba kikishaachwa, kikwangue kwa kisu ukitupe.

Lakini ukiona wadudu wengi wakiingia na kutoka katika tundu la ukuta, chini ya paa au ndani ya pipa kuukuu, yaelekea hao ni nyuki. Nyuki wetu wa Afrika ni wakali wanapoulinda mzinga, na mmoja akishauma huacha harufu inayowaita wenzake. Usizibe tundu, usipige moshi, usirushe jiwe. Watoe watoto na mifugo karibu, kisha umtafute mfugaji wa nyuki mwenye mavazi na ujuzi wa kuwahamisha.

Tofauti nyingine ni mwiba. Mwiba wa nyuki una vijino, hivyo hubaki mwilini pamoja na kifuko cha sumu ambacho huendelea kuisukuma ndani. Utoe upesi kwa njia yoyote, hata kwa kucha, kwa maana kila sekunde ina thamani. Nyigu haachi mwiba wake. Kwa hivyo nyigu mmoja anaweza kukuuma mara tatu au nne akaenda zake.

Adui au rafiki?

Huenda ukashangaa nikikuambia kwamba nyigu ni msaidizi wa mkulima. Hawa wa stooni huwinda viwavi, wale wale wanaotoboa sukuma wiki yako, na kuwalisha watoto wao. Wako pia nyigu wadogo sana, wasiomwuma mtu, ambao hutaga mayai ndani ya miili ya wadudu waharibifu.

Mwaka 1981 nyigu wa aina hiyo kutoka Amerika Kusini aliachiliwa katika mashamba ya Nigeria ili apambane na mdudu aliyekuwa akiangamiza mihogo barani Afrika. Kazi hiyo ilimpatia mwanasayansi Hans Herren wa Uswisi Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995, wakati alipokuwa mkurugenzi wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE hapa Nairobi. ICIPE nayo iliachilia nyigu wengine katika mashamba ya Pwani mwaka 1993 kupambana na viwavi watoboao mabua ya mahindi.

Ninayasema haya kwa sababu fikira ya kwanza ya mtu wa mjini amwonapo mdudu ni kuua. Kama kiota kiko juu ya mti ulio pembeni mwa ua au ukutani mahali asipopita mtu, kiache. Nyigu hana haja nawe mpaka uguse, utikise au upulizie pumzi makao yake.

Stoo, hata hivyo, ni jambo jingine. Humo watu huingia kila wiki, vyombo hugongwa na mlango hutikiswa. Tena vitabu vingi vya kigeni hushauri mtu asubiri baridi kali iwaue nyigu wote, kisha akitoe kiota kikiwa kitupu. Ushauri huo ni wa Ulaya. Nairobi, Nakuru na Mombasa hatuna theluji ya kutufanyia kazi hiyo.

Moto na sumu

Fikiria yaliyomo ndani ya stoo hiyo. Kuna debe la rangi, petroli ya mashine ya kukatia nyasi, magunia na boriti kavu. Kuingiza mwenge wa mafuta ya taa humo ni kuhatarisha nyumba nzima kwa ajili ya kitu kisichozidi ukubwa wa kiganja. Hata mikebe ya dawa za kupuliza huwa na gesi inayoshika moto, kwa hivyo moto na dawa visikutane kamwe.

Wengine huchukua dawa ya kuogeshea ng'ombe au ya kunyunyizia nyanya, wakaichanganya kwa makisio na kuipuliza ndani ya chumba kisicho na dirisha. Anayeivuta kwanza ni yule mpulizaji. Dawa za wadudu hapa nchini husajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu Waharibifu, chini ya sheria ya mwaka 1982. Kibandiko cha chupa hueleza ni wadudu gani na mahali gani. Kama nyigu na nyumba hawakutajwa, dawa hiyo si ya kazi hiyo.

Njia ya salama ni hii. Kama kiota ni kikubwa kuliko kiganja, au kiko mahali pa kupandia ngazi, mwite fundi wa kampuni ya kuua wadudu. Kama ni kidogo, na mwenye kuifanya kazi hiyo ni mtu mzima ambaye hajawahi kudhurika vibaya kwa kuumwa, asubiri giza liingie, wakati nyigu wote wamerudi na wametulia. Avae nguo nzito za mikono mirefu, glavu na kitu cha kuufunika uso. Asimame karibu na mlango ulio wazi nyuma yake, apulize dawa iliyoruhusiwa kutoka mbali, atoke na afunge. Asubuhi, akishahakikisha hakuna anayetembea, akikwangue kiota na kupasugua vizuri mahali kilipokuwa.

Bora zaidi ni kutokifikisha huko. Kiota huanza na nyigu mmoja au wachache na vishimo vichache tu. Ukiyatazama mabati ya stoo kila wiki, utakiona kikiwa hakijazidi kitufe cha shati, na ufagio mrefu utatosha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwili unapokataa

Sasa nifike kwenye sababu ile ya tatu. Kwa watu wengi kuumwa na nyigu ni maumivu, wekundu na uvimbe wa siku moja au mbili. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, vua pete kabla kidole hakijavimba, na umeze dawa ya maumivu. Dawa ya mzio, ambao wengi huuita aleji, husaidia kupunguza mwasho. Mafuta ya taa, maji ya betri na dawa ya meno havina kazi hapo. Uvimbe unaweza kuongezeka hadi siku ya pili bila ya kuwa na viini vya maradhi, kwa hivyo usikimbilie viuavijasumu.

Wako watu wachache, hata hivyo, ambao miili yao huipokea sumu hiyo kwa ghadhabu. Dakika chache baada ya kuumwa, vipele huenea mwili mzima, mbali kabisa na mahali pa mwiba. Midomo, ulimi na macho huvimba. Sauti hukwaruza, kifua hubana, mtu hutapika au husikia kizunguzungu, kisha shinikizo la damu huanguka na fahamu hupotea.

Hali hiyo huitwa anafilaksia. Jina hilo lilitolewa mwaka 1902 na Wafaransa Charles Richet na Paul Portier. Waligundua kwamba mbwa aliyeistahimili sumu ya kiumbe wa baharini mara ya kwanza, alikufa kwa kipimo kidogo zaidi alichopewa wiki chache baadaye. Richet alituzwa Nobel mwaka 1913.

Somo la mbwa yule ni muhimu kwako. Kijana akikuambia, "Mimi nimeshaumwa mara nyingi, sidhuriki," hiyo si kinga. Kuumwa kwa jana ndiko kunakoweza kuufundisha mwili kukasirika kesho.

Na wakati ni mfupi. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2000 kuhusu vifo vya mzio mkali ulionyesha kwamba kwa walioumwa na wadudu, muda wa kati kabla ya pumzi au moyo kusimama ulikuwa dakika 15. Dakika 15 mjini Nairobi jioni hazikuvushi hata mzunguko mmoja wa barabara.

Tiba ya kwanza ni sindano ya adrenalini katika msuli wa paja, upande wa nje. Dawa ya mzio na haidrokotisoni haziwezi kushika nafasi yake. Mlaze mgonjwa chali, miguu ikiwa juu kidogo. Kama anashindwa kupumua mwache aketi, lakini usimwinue ghafla wala usimtembeze hadi garini. Mbebe. Akishadungwa, abaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, maana dalili huweza kurudi.

Mkimbize hospitalini pia mtu aliyeumwa mara nyingi, hata kama hana mzio, kwa sababu sumu nyingi huharibu misuli na figo. Mkojo ukigeuka rangi ya kahawia, hiyo ni dalili ya hatari. Vivyo hivyo kwa aliyeumwa mdomoni au kooni, kwa mfano baada ya kunywa soda iliyoachwa wazi, kwani uvimbe wa hapo huweza kuziba pumzi ya mtu yeyote.

Wajibu wetu

Adrenalini si dawa ya matajiri. Kichupa chake ni cha bei nafuu, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Zile kalamu za kujidunga mwenyewe ndizo zilizo ghali na ngumu kupatikana kwetu. Kwa maoni yangu, hakuna zahanati, hata ile ya vyumba viwili juu ya duka, inayostahili kufungua mlango wake bila ya kichupa hicho na muuguzi ajuaye kukitumia bila kusubiri amri. Na sisi wenyeji wa mitaa ndio wa kuuliza. Tunauliza bei ya kumwona daktari. Kwa nini tusiulize kama adrenalini ipo?

Kuna na suala la haki. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikuandikwa kwa ajili ya viwanda pekee. Inahusu kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, na inamtaka mwenye mahali hapo alinde usalama na afya ya wafanyao kazi pale. Ua wako ni mahali pa kazi ya yule kijana. Kumpa kiberiti na kitambaa ni kumtwika hatari ambayo wewe mwenyewe umeikimbia.

Kwa hivyo ukikuta kiota, funga mlango polepole. Waambie watu wa nyumbani na majirani wasiingie. Kisha mwulize kila mmoja, kuanzia kwa kijana wa shamba hadi kwa mtoto wa mwisho: je, umewahi kuumwa, na ulipoumwa ulivimba wapi? Atakayekujibu kwamba alivimba uso au alikosa pumzi, huyo mpeleke akaonane na daktari wiki hii hii, na asikaribie stoo hiyo.

Nyasi zinaweza kungoja hadi Jumamosi ijayo.