Meza ya London na Ngoma za Kadodi

Nilipokuwa mwanafunzi katika shule hii, kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kutunza vipaza sauti siku ya tamasha. Leo ninafanya kazi katika chumba kidogo cha kurekodi muziki hapa Mbale, upande wa Namakwekwe, na kila likizo wanafunzi huja kuniuliza swali lile lile: "Kaka, unatumia plagini ya meza gani?" Hawaulizi maikrofoni niliiweka wapi, wala mpigaji ni nani. Kwa hiyo naona yafaa nitoe maoni yangu juu ya jambo hili. Nami nasema wazi tangu mwanzo: programu hizi ni nzuri, lakini wengi wetu twazitumia vibaya, na mimi nilizitumia vibaya kuliko wote.

Kwanza nieleze kidogo kwa wale wasioijua kazi hii. Zamani sauti za wimbo zilichanganywa juu ya meza kubwa yenye vitufe vingi. Kila ala ilikuwa na njia yake katika meza, na sauti yake ilipita katika nyaya, transfoma, na vali au transista, kabla ya kufika kwenye utepe. Kila kifaa kiliongeza kitu chake: uzito kidogo, mkwaruzo kidogo, mvumo kidogo; na sauti ya njia moja ilivuja kidogo katika njia ya jirani. Meza ya EMI iitwayo TG12345, ambayo Beatles waliitumia London kwa santuri yao ya Abbey Road ya mwaka 1969, ilikuwa na sauti yake. Meza za Neve na za Solid State Logic nazo zilikuwa na zao. Sisi wa Mbale tuliziona katika picha tu. Siku hizi mafundi wamezipima meza zile, wakaandika plagini za kuziiga ndani ya kompyuta. Nyingine huuzwa, na nyingine, kama zile za Airwindows za Chris Johnson wa Marekani, hutolewa bure.

Basi ni nani asiyetaka meza ya London bila kulipa nauli ya kwenda London? Mimi nilitaka sana.

Mwaka 2022 ulikuwa mwaka wa imbalu, maana Bamasaba hutahiri vijana wao katika miaka ya shufwa. Jamaa fulani waliniita nyumbani kwao, chini ya mlima Wanale, nikarekodi ngoma za kadodi. Aliyeongoza wapigaji alikuwa mzee wao, mtu aliyetembea na ngoma ile begani tangu ujana wake. Niliweka maikrofoni nne uani. Siku ile mambo yalikwenda vema mno. Ulisikia mkono ukigusa ngozi, ulisikia njuga za vijana, na nyuma yake wanawake wakipiga vigelegele.

Niliporudi chumbani nikaona sauti ile ni ya shamba. Nikaweka plagini ya meza katika kila njia, kisha nikaweka nyingine juu ya zote. Ngoma zikawa nene, nami nikafurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Tena, kwa kuwa diski yangu ilikuwa imejaa, nilihifadhi ile iliyokwisha tengenezwa, nikafuta zile za asili. Nilisema moyoni, ya nini kutunza unga na mkate umekwisha iva?

Mwanzoni mwa mwaka 2024 mzee yule alifariki. Mwaka huo ulikuwa zamu ya mjukuu wake kutahiriwa, na jamaa wakaja wakiomba ngoma za babu zipigwe nyumbani. Tukaketi pamoja tukasikiliza. Njuga zilikuwa zimegeuka kama mchanga unaomwagwa katika debe. Pigo zito na pigo jepesi vilikuwa sawa, vimegandamizwa pamoja. Mjane wa mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, ngoma ni zenyewe, lakini mkono wake siusikii." Sikuwa na kingine cha kumpa.

Tangu siku ile nimejifunza mambo matatu ambayo ningependa kila kijana ayajue. La kwanza ni kipimo. Plagini nyingi za namna hii huhesabu kwamba sifuri ya mshale wa meza ya zamani ni desibeli 18 chini ya kikomo cha kompyuta. Mimi nilirekodi ngoma karibu kabisa na kikomo. Ni kama kupakia magunia ya gari zima juu ya baiskeli moja, isilaumiwe baiskeli.

La pili ni udanganyifu wa sikio. Plagini nyingi huongeza nguvu ya sauti kidogo, na sikio la mwanadamu hupenda kilicho na nguvu zaidi. Kwa hiyo usipolinganisha nguvu kwanza, ukasikiliza na plagini na bila plagini kwa kipimo kimoja, hutajua kama umeongeza uzuri au umeongeza kelele.

La tatu ni kichekesho. Baadhi ya programu za kuiga mashine za zamani zina kitufe cha kuongeza mvumo wa umeme, nawe unachagua 50 au 60. Hapa Mbale umeme wetu ni wa 50, na nusu ya kazi yangu ni kupigana na mvumo huo huo. Mafundi wa zamani nao walitoka jasho wakiupunguza. Je, tukiisha kuufukuza mlangoni, tuununue uingie dirishani?

Wenzangu hunijibu kwamba wateja wanataka uzito, na kwamba nyimbo zinazotoka Kampala zina uzito. Sikatai. Wimbo uliotungwa wote ndani ya kompyuta, usio na ngozi wala chuma wala pumzi, huweza kusaidiwa sana na rangi kidogo ya meza. Hata sauti ya mwimbaji hufaidika. Nami nazitumia mpaka leo. Lakini ngoma za kadodi zina rangi zao, zilizotoka katika mti, ngozi na uwanja. Ukiipaka rangi nyumba iliyokwisha pambwa, utafunika mapambo.

Zaidi ya hayo, mambo mengine tunayorekodi hayarudi. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda, alizunguka nchi hii tangu mwaka 1949 hadi 1954 akirekodi wapigaji wa makabila mengi. Mashine zake zilikuwa duni zikilinganishwa na simu iliyo mfukoni mwako. Hata hivyo kazi yake imetunzwa, na nakala zake ziko Makerere, na watu husikiliza wazee waliokufa zamani. Ingekuwaje kama angeona sauti zile ni za shamba, akabakiza zile alizozipamba tu?

Shauri langu basi ni hili. Weka maikrofoni mahali panapofaa, na usione haya kuzunguka ua mara kumi. Rekodi ukiacha nafasi chini ya kikomo. Panga nguvu za sauti kwanza bila plagini yo yote. Wimbo usiosimama hapo hautasimamishwa na meza ya mtu mwingine. Kisha, ukiona haja, ongeza rangi kidogo, ukilinganisha kwa haki. Na zile sauti za asili usizifute kamwe. Nunua diski ya pili kabla ya kununua plagini ya kwanza.

Najua wako vijana watakaosema kwamba mimi nimezeeka kabla ya wakati. Na waandike katika toleo lijalo, nitafurahi kuwasoma. Lakini kabla ya kuandika, kila mmoja na aende nyumbani kwao na simu yake, amrekodi mzee mmoja, aiache sauti yake kama ilivyo.