Shairi kwa Ghibu

Neno "kukariri" limepatwa na msiba katika shule zetu. Mwanafunzi akitoa jibu lisilo na fikra, huambiwa, "Huyu amekariri tu." Ndugu yake neno hilo, kuhifadhi, lina maana ya kulinda kitu kisipotee, na heshima yake ingalipo. Nionavyo mimi, kwa kuliaibisha la kwanza tumeitupa ala bora ya kufundishia, na elimu ya ubongo inazidi kutuonyesha ukubwa wa hasara hiyo.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha kitabu kuhusu kumbukumbu. Alijifanyia majaribio mwenyewe: alihifadhi misururu ya silabi zisizo na maana, kisha akapima jinsi zilivyomtoka. Alibaini kwamba tunasahau kwa kasi katika saa za mwanzo, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hudumu kuliko yaliyorundikwa siku moja. Hayo hutajwa mara kwa mara. Lisilotajwa sana ni kuwa alijaribu pia beti za Don Juan, utungo wa Byron, zenye silabi 80 hivi kila mmoja, akaona zinamgharimu takriban sehemu moja ya kumi tu ya jitihada. Maana, vina na mapigo vilimtulia mzigo.

Watunzi wetu walilijua hilo bila maabara. Ubeti wa shairi una mishororo minne, kila mmoja mizani 16 zilizokatwa katikati, nane kwa nane. Ubongo hauwezi kushika mambo mengi kwa wakati mmoja. Watafiti wengi siku hizi hukadiria manne hivi. Kipande cha mizani nane hutoshea katika nafasi hiyo finyu, na kina humwita mwenzake. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na diwani yake ilichapishwa mwaka 1940. Mashairi yake mengi yalivuka sehemu kubwa ya safari hiyo vichwani mwa watu, hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya kwa ajili ya W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19.

Lakini kuna kukariri na kukariri. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, huko Marekani, waliwapa wanafunzi matini fupi. Baadhi waliisoma tena. Wengine waliifunika wakaandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya juma moja, waliofunika ndio waliokumbuka zaidi. Kuliita jambo kutoka kichwani huimarisha njia ya kulifikia. Kulitazama tena hutupa tu hisia ya kulijua. (Kila mwalimu amemsikia mwanafunzi akilia baada ya mtihani kwamba alisoma usiku kucha. Namwamini.)

Najua nitajibiwa kwamba tunataka vijana wanaofikiri, hatutaki kasuku. Nami nawataka hao hao. Ila mtu hufikiri kwa kutumia alicho nacho. Mwanafunzi anayelisaka shairi kitabuni neno kwa neno hana nafasi akilini ya kuona kwamba sitiari ya ubeti wa kwanza imegeuzwa katika ubeti wa tano. Aliyelihifadhi anaweza kuligeuzageuza hata akiwa njiani kwenda nyumbani. Na kasuku hatapatikana iwapo maana itatangulia, kama zile beti za Byron zilivyotuonyesha.

Kinachonikera ni kuwa tunamkaririsha mwanafunzi majina, tathlitha, tarbia, takhmisa, huku akimaliza shule bila tarbia hata moja kichwani. Mwalimu angeweza kuanza kipindi kwa dakika 5 vitabu vikiwa vimefungwa: andikeni ubeti wa juma lililopita. Baada ya wiki tatu, aurudie. Siku nyingine asome mshororo, aache kina cha mwisho, darasa likijaze.

Nao watahini wa fasihi ningewaomba swali moja tu: "Andika beti mbili za shairi ulijualo kwa ghibu, kisha uzijadili."