Risiti siyo kibali, mama (sehemu ya 4)

Mama zangu wa Moshi mjini, Marangu, Machame na Kibosho, leo mtanikasirikia. Nyie ndiyo mnawaharibia watoto makaratasi Marekani.

Nayasikia hapa kliniki, mama ananyonyesha huku anajisifu: "Mdogo wetu keshaombewa na dada aliyepata uraia kule. Sasa aache shule abebe boksi, atutumie hela." Jamani! Dada kujaza fomu ya I-130 ni kushika namba ya foleni tu. Wewe ukipewa namba pale mapokezi, umeshatibiwa? Na foleni ya ndugu wa raia inapita miaka 10. Muda wote huo ile risiti haimpi ruhusa ya kukaa wala ya kufanya kazi. Kinachomweka kihalali ni uanafunzi wake: I-20 iliyo hai na masomo kamili, ambayo kwa shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 12 kwa muhula. Kazi afanye hapo hapo chuoni, mwisho saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Akiacha darasa, chuo kinaripoti serikalini kupitia mfumo unaoitwa SEVIS. Hakuna kujificha.

Halafu foleni ikimfikia? Ndugu aliyepoteza hadhi au kubeba boksi bila kibali kwa kawaida hawezi kukamilisha ukaazi akiwa humo humo Marekani. Miaka yote ya kusubiri, bure.

Utaniambia, "mbona fulani aliacha chuo na leo ana grini kadi?" Muulize alipita mlango gani. Mara nyingi alifunga ndoa na raia, na mwenzi wa raia aliyeingia kwa viza sheria inamsamehe hayo. Kaka na dada hawamo. Dawa ya mgonjwa mmoja hapewi mwingine.

Na nyie mashangazi mnaotafuta mchumba: kama aliyemwombea ni mzazi mwenye grini kadi ambaye hajawa raia, kijana akioa tu, ombi linakufa. Mlilijua hilo?

Desemba ndiyo balaa. Watu wote wanapanda mlimani, basi naye "aje, bibi anamuulizia". Kama viza imeisha muda, itabidi aombe nyingine, na mwanafunzi anatakiwa kuonyesha kwamba akimaliza atarudi kwao. Huku kuna ombi la kuhamia moja kwa moja! Wanaweza kumnyima. Januari wenzake wako darasani, yeye yuko kihambani na migomba.

Akiumwa, anaweza kuruhusiwa kupunguza masomo kwa barua ya daktari. Ada ikikwama, azungumze. Ila vyote hivyo aende kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni pale chuoni, kabla hajaacha somo hata moja. Akishaacha ndipo aende, kazi imekuwa kubwa.

Na kwenye orodha ya mchango wa harusi mmeshamwandikia laki tano, eti kwa sababu yuko Marekani. Mfuteni leo.